Wasomaji Wanauliza: Tiketi, Hoteli na Usafiri wa Likizo ya Dubai

Barua nyingi zilizoifikia safu hii katika miezi ya karibuni zinahusu safari moja, nayo ni Dubai wakati wa likizo ya Desemba. Nimechagua nne ambazo nadhani zitawasaidia na wengine walio katika maandalizi kama hayo. Baadhi nimezijibu kwa urefu na nyingine kwa ufupi, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mume wangu tumejichanga kwa miaka mitatu ili tuwapeleke watoto wetu Dubai, mmoja ana miaka 9 na mwingine 4. Wakala mmoja anasema tukate tiketi kwanza kwa sababu nauli zinapanda. Mwingine anasema viza kwanza. Shemeji yangu anasema hoteli ndiyo inayotangulia, kwani bila hoteli hakuna viza. Tuanze na kipi?
*Mama Wawili, Tabata, Dar es Salaam*

JIBU: Mama Wawili, hongereni kwa kujichanga. Washauri wenu wote watatu wana sehemu ya haki, ila hakuna hata mmoja aliyewauliza habari za pasipoti, na hapo ndipo pa kuanzia. Kila mtoto awe na pasipoti yake, na zote nne ziwe na uhai usiopungua miezi sita kuanzia siku mtakayoingia. Kisha fungueni ukurasa wenye picha na mnakili majina yalivyoandikwa hapo, herufi kwa herufi, kwa ajili ya tiketi, viza na hoteli. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kwetu mtu mmoja anaweza kuwa na majina mengi, yote ya haki: kuna mama anayejulikana kazini kwa jina la mume wakati pasipoti yake ina jina la baba, na kuna mtoto ambaye shuleni ameandikishwa kwa jina la babu. Kaunta ya ndege haitambui desturi hizo. Jina la tiketi likipishana na la pasipoti, mtalipia masahihisho, na kwa baadhi ya nauli mtalazimika kununua tiketi nyingine.

Pasipoti zikishakuwa sawa, wekeni nafasi katika hoteli inayoruhusu kughairi bila malipo, na muiandike mahali panapoonekana tarehe ya mwisho ya kughairi, kwa sababu ikipita hata kwa saa moja hoteli ina haki ya kukata fedha. Kwa upande wa ndege, mwombeni wakala awashikilie viti bila kuvilipia, jambo linalowezekana kwa siku chache tu, au mchague nauli inayorudishwa ingawa ni ghali zaidi. Mkiwa na karatasi hizo mbili mkononi ndipo muombe viza, ambayo kwa watalii hutolewa ya siku 30 au ya siku 60, kupitia shirika la ndege mtakalosafiri nalo, hoteli au wakala mwenye leseni. Viza ikitoka, siku hiyo hiyo lipieni tiketi. Kulipia nauli isiyorudishwa wakati maombi ya viza hayajajibiwa ni kuiweka akiba ya miaka mitatu mikononi mwa afisa ambaye hamumjui, na nauli iliyopanda kidogo haijawahi kuniuma kama tiketi iliyopotea yote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mawakala hawalisemi, nalo ni saa. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na tarehe yake hubadilika saa sita usiku. Sisi tunahesabu saa zetu kuanzia asubuhi na kuanzia magharibi, na kwa watu wa pwani siku yenyewe huanza jua linapotua, ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Tiketi iliyoandikwa 01:30 ya tarehe 12 ina maana ya saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo mnatoka Tabata jioni ya tarehe 11. Mkiambiana tu "usiku wa tarehe 12", mmoja wenu anaweza kuelewa usiku huu na mwenzake akaelewa ule, na wapo waliofika uwanjani jioni ya tarehe 12, mabegi yamefungwa vizuri na jamaa wamekuja kuwasindikiza, wakati ndege yao ilikwisha kutua Dubai tangu asubuhi. Ongezeni pia kwamba Dubai imetutangulia kwa saa moja, na kwamba saa ya kufika iliyo kwenye tiketi ni ya huko.

Hoteli nayo imefungamana na saa hizo hizo. Chumba cha tarehe 12 kwa kawaida hukabidhiwa saa nane au saa tisa mchana. Nilipokwenda huko mara ya kwanza na watoto, niliambiwa kwa simu, kwa Kiswahili, kwamba chumba kingekuwa tayari saa tisa, nami kwa hesabu yangu nilikuwa nafika hotelini saa tisa, nikaona mambo yamejipanga yenyewe. Nilifika saa tisa usiku, na chumba kilikuwa cha saa tisa alasiri. Mwanangu wa miaka mitano alilala juu ya sanduku nililolilaza sakafuni, nimemfunika kanga mbili kwa sababu kiyoyozi cha mapokezi kilikuwa kinatupuliza sisi moja kwa moja, na kila mlango wa kioo ulipofunguka alishtuka na kuuliza kama sasa tumefika. Tangu siku ile, nikijua kwamba ninafika usiku wa manane, ninalipia chumba kuanzia tarehe inayotangulia, na ninawaandikia hoteli kwamba nitaingia alfajiri ya siku ya pili yake, wasije wakahesabu kwamba sikutokea na wakampa mtu mwingine chumba changu. Gharama ya usiku huo mmoja inaonekana kubwa ukiwa nyumbani na kikokotoo. Ukiwa na mtoto wa miaka 4 saa tisa usiku, hutaijutia.

Siku ya kurudi, kumbukeni kwamba chumba huachiwa kwenye saa sita mchana hata kama ndege ni ya usiku. Hoteli nyingi zitawawekea mizigo mapokezi bila malipo, nanyi mtaendelea na matembezi. Lakini hesabuni pia siku za viza: ikiwa siku ya mwisho ni tarehe 20 na ndege inaondoka 00:45 ya tarehe 21, mnaweza kuhesabiwa kuwa mmepitiliza, na faini ni dirhamu 50 kwa kila mtu kwa kila siku iliyozidi.

Kuhusu tarehe zenyewe, shule zikishafungwa nendeni mapema, lakini mpishe sikukuu ya taifa lao ya tarehe 2 na 3 Desemba. Katikati ya mwezi hali ya hewa ni ileile nzuri, na bei za vyumba hazijafikia zile za juma la mwaka mpya. Anayeitaka fataki za Burj Khalifa ajue kwamba usiku wa tarehe 31 kituo cha treni kilicho karibu na jengo hilo hufungwa mapema kwa sababu ya umati, na kurudi hotelini na watoto baada ya hapo ni kazi ya saa kadhaa.

Mwisho, ulizeni kila hoteli kama bei yake imejumlisha tozo zote. Kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, kuna ada ya huduma na ya manispaa, na kuna tozo ya utalii inayolipwa kwa kila chumba kwa kila usiku, dirhamu 10 kwa hoteli ya nyota tatu na dirhamu 20 kwa ile ya nyota tano. Tozo hiyo aghalabu hulipwa mapokezi hata kama chumba mmekilipia zamani. Mapokezi hapo hapo wataomba amana, na hoteli nyingi hutaka kadi ya benki ya kushikika au fedha taslimu. Kadi ya mtandaoni iliyo ndani ya simu hufaa kuwekea nafasi, lakini msiitegemee peke yake kwenye kaunta.

SWALI: Mimi na mke wangu tumepata nauli ya Nairobi hadi Dubai iliyo nafuu kwa shilingi 14,000 kwa kila mtu kuliko ile ya kuondokea hapa Mombasa. Tunafikiria kupanda treni ya SGR asubuhi na kuruka usiku uleule. Je, ni busara?
*Baba Salma, Kisauni, Mombasa*

JIBU: Baba Salma, nimekaa na hesabu yako kwa kalamu. Kwa watu wawili mnaokoa shilingi 28,000. Treni ya daraja la kawaida imekuwa shilingi 1,500 tangu mwanzo wa 2024, hivyo kwenda na kurudi kwa wawili ni 6,000. Kuna gari la kutoka Kisauni hadi Miritini, kuna teksi ya kutoka stesheni ya Syokimau hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, na yote hayo mtayalipia tena wakati wa kurudi. Kuna chakula cha siku nzima. Na kama ndege ya kurudi inatua Nairobi usiku, kuna chumba cha kulala mkisubiri treni ya asubuhi. Ukiyatoa yote hayo, kinachobaki ni kidogo, lakini kipo, na siwezi kukuambia kwamba hakina maana.

Linalonitia wasiwasi ni kwamba safari yenu itakuwa na mikataba miwili isiyojuana. Treni ikichelewa, shirika la ndege halihusiki. Kaunta za safari za kimataifa hufungwa takriban saa moja kabla ya ndege kuondoka, na mkikuta imefungwa mtaandikwa kuwa hamkutokea. Watu wengi hawajui kwamba baada ya kuandikwa hivyo, mashirika mengi huifuta na nusu ya kurudi, kwa hiyo hata mkijikokota mkafika Dubai kwa ndege nyingine, hamna tiketi ya kuwarudisha. Hatari ni hiyo hiyo kwa mtu anayenunua ndege ya ndani ya Mombasa hadi Nairobi kwa tiketi yake na ile ya Dubai kwa tiketi nyingine.

Tiketi moja iliyounganishwa ni jambo tofauti kabisa. Ukinunua Mombasa hadi Dubai kupitia Nairobi kwa tiketi moja, begi hupewa lebo ya Dubai pale pale uwanja wa Moi, na ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kukutafutia nyingine. Ulizeni bei ya tiketi ya namna hiyo kabla ya kuamua, na mwulize pia bei ya ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa kwa siku za katikati ya juma.

Mkishikilia treni, basi iwe ni treni ya siku inayotangulia, mlale Nairobi, na muende uwanjani mkiwa mmepumzika. Ninajua kwamba usiku huo utakula sehemu ya zile shilingi 28,000. Kama baada ya kuutoa hakuna kilichobaki, ondokeeni Mombasa.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, na mke wangu ana tatizo la magoti. Vijana wetu wametulipia ndege na wanataka sisi wenyewe tuchague hoteli. Tukae mtaa gani, na tutatembeaje mjini bila kutegemea teksi kila mara?
*Mwalimu Mstaafu, Tanga*

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Vijana wamefanya jambo jema, nami ningependa safari hii iwe ya raha kwa mama.

Ningewashauri mkae Deira, ule upande wa zamani wa mji, karibu na kituo cha treni cha Al Rigga, Union au Baniyas Square. Hoteli za huko ni za bei ya wastani, vyakula vya kila aina vipo hatua chache kutoka mlangoni, na si ajabu kusikia Kiswahili dukani, kwa kuwa wafanyabiashara wa Kariakoo na Mombasa wamezoea mitaa ile. Ninapochagua hoteli huwa sitosheki na maneno "karibu na metro". Hufungua ramani na kupima umbali wa kutembea kutoka mlango wa kituo, na kwa magoti ya mama ningetaka usizidi mita 300. Muulize pia kama hoteli ina lifti inayofanya kazi, na mnakili jina kamili la hoteli pamoja na mtaa, kwani kampuni moja inaweza kuwa na hoteli tatu zenye majina yanayokaribiana.

Kabla ya kupanga namna ya kutoka uwanjani, angalieni kwenye tiketi ndege yenu inatua jengo gani la abiria. Majengo ya 1 na ya 3 yana vituo vya treni ya Metro, njia nyekundu, inayofika Al Rigga na Union bila kubadilisha. Jengo la 2, ambalo hutumiwa sana na flydubai, halina kituo, kwa hiyo hapo ni basi au teksi. Metro yenyewe huanza saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa sita usiku, ila Ijumaa huendelea hadi saa saba usiku, na Jumapili huanza saa mbili asubuhi. Kila abiria huruhusiwa begi moja kubwa na moja dogo. Kwa siku ya kufika, Mwalimu, mchukue teksi ya mita iliyopangwa foleni nje ya mlango. Inaanza kuhesabu kwenye dirhamu 25 kutoka uwanjani, na Deira si mbali.

Siku zinazofuata treni itawafaa sana. Kila mmoja anunue kadi ya Nol ya rangi ya fedha, dirhamu 25, ambamo dirhamu 19 ni za nauli. Safari ya ndani ya kanda moja ni dirhamu 3, ya kanda mbili zinazopakana ni 5, na ya mbali zaidi ni 7.5. Kadi huguswa wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Behewa moja lina sehemu ya wanawake na watoto, iliyochorwa mstari sakafuni, na mwanamume akiingia humo hutozwa faini, kwa hiyo mama akikaa huko wewe simama upande wa pili wa mstari. Kula, kunywa, hata kutafuna ubani wa dukani ndani ya treni ni dirhamu 100. Vituo vyote vina lifti.

Mahali ambapo ningetahadhari kwa ajili ya magoti ni kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall. Kutoka treni hadi kwenye maduka kuna daraja lililofunikwa, lenye kiyoyozi na sakafu zinazotembea, lakini hata hivyo ni mwendo wa zaidi ya dakika kumi kabla hamjaanza kuzunguka. Siku hiyo nendeni kwa teksi hadi mlangoni na mrudi kwa teksi.

Na msiondoke bila kuvuka ile hori ya bahari inayoitwa Creek kwa abra, mashua ndogo ya mbao ambayo abiria huketi wakipeana migongo na nahodha amesimama katikati. Nauli ni dirhamu 1, ya sarafu, na safari haifiki dakika kumi kutoka Deira hadi Bur Dubai. Mtu wa Tanga aliyekulia karibu na majahazi ataona upande wa Deira majahazi yanayopakiwa majokofu, matairi na magunia kando ya barabara, na nadhani mtakaa hapo muda mrefu kuliko mlivyopanga. Kupanda abra kuna ngazi ya kushuka, hivyo subirini mashua itulie, kisha mama ashike mkono wa nahodha. Wamezoea kuwasaidia wazee.

SWALI: Nimepata wakala mtandaoni anayeuza ndege, hoteli na viza kwa pamoja, kwa bei iliyo chini sana kuliko wengine. Amenitumia karatasi ya tiketi yenye jina langu na anataka nimalizie malipo kwa simu leo. Nitajuaje kama ni ya kweli?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Usilipe leo. Karatasi aliyokutumia inaweza kuwa ya nafasi iliyoshikiliwa tu, na nafasi ya namna hiyo hufutika yenyewe baada ya siku chache hata kama jina lako limeandikwa vizuri. Tafuta vitu viwili kwenye karatasi hiyo. Cha kwanza ni namba ya nafasi, yenye jumla ya alama sita, za herufi au za herufi na tarakimu. Iingize pamoja na jina lako la ukoo kwenye tovuti ya shirika la ndege lenyewe, si kwenye kiungo alichokutumia wakala, na uone kama safari yako inatokea. Cha pili, ambacho wengi hawakitafuti, ni namba ya tiketi, yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: Emirates ni 176, Air Tanzania ni 197, Kenya Airways ni 706. Kama namba hiyo haipo, mara nyingi maana yake ni kwamba kiti hakijalipiwa.

Kwa hoteli, itafute anwani yao mwenyewe, waandikie ukitaja jina lako na tarehe, na uwaulize kama wanayo nafasi hiyo na kama imelipiwa. Wengi hujibu ndani ya siku moja. Kisha mwombe wakala leseni yake na anwani ya ofisi, na umwambie kwamba utalipa kwa kuweka fedha katika akaunti ya benki yenye jina la kampuni, ukapewa risiti. Akikuhimiza kwamba bei inaisha leo usiku, au akitaka fedha ziende kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, achana naye, na umwonyeshe karatasi hiyo mtu wa kaunta ya shirika la ndege lililotajwa. Ataisoma kwa dakika mbili na kukuambia ni tiketi au si tiketi.